Nyumba ya Kujenga na Nyumba ya Kununua: Habari za Sola katika Nchi ya Maswa

Sola ni kata mojawapo ya wilaya ya Maswa, upande wa mashariki wa Usukuma. Zamani za Waingereza nchi hiyo ilihesabiwa katika Jimbo la Ziwa, baadaye ikawa sehemu ya mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 imo katika mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Wenyeji wake ni Wasukuma, wakulima wa pamba na nafaka, na wafugaji wa ng'ombe. Mgeni aendaye kukaa pande hizo, akiwa mwalimu, mganga au karani, aghalabu hukutana na jambo la kumkatisha tamaa. Viwanja vyapatikana, matofali yapo, mafundi wapo. Lakini nyumba njema iliyo tayari, tena ya bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida aweza kuilipa, ni adimu sana. Akiuliza, huonyeshwa kiwanja kitupu, au huonyeshwa pagala, yaani kuta ambazo hazijaezekwa.

Watu wengi husema kwamba sababu ya dhiki hii ni uchache wa fedha. Neno hilo ni la kweli, walakini halitoshi. Katika nchi ya Maswa nyumba ilikuwa kitu cha kujengwa, wala haikuwa bidhaa. Na sheria za ardhi zilizofuatana kwa muda wa miaka mia moja, ingawa zilitungwa na serikali mbalimbali kwa makusudi mbalimbali, zote zilizidi kuitenga nyumba na ardhi iliyo chini yake. Anayetafuta nyumba ya kununua Sola hatafuti kitu kilichofichwa, bali atafuta kitu ambacho historia ya mahali hapo haikukitengeneza.

Nyumba na kaya

Neno nyumba la Kiswahili na neno numba la Kisukuma asili yake ni moja, na kitenzi kuzenga cha Kisukuma ni ndugu wa kujenga. Lakini katika maisha ya Msukuma neno lililo kubwa zaidi ni kaya. Kaya ni makazi yote ya mtu: nyumba za wake na watoto, maghala ya nafaka, zizi la ng'ombe, na ua wa minyaa unaovizunguka vyote. Kiswahili cha leo kimelitumia neno hilo kwa maana ya watu wanaokaa na kula pamoja, hasa katika hesabu ya watu. Na kwa Wamijikenda kaya ni mji wa kale uliomo ndani ya msitu. Katika maana zote hizo kaya ni watu na mahali pao pamoja, na kitu cha namna hiyo hakipimwi kwa bei.

Nyumba yenyewe ilikuwa msonge: ukuta wa mviringo wa miti na udongo, na paa la nyasi lenye kilele. Miti ilikatwa porini, nyasi zilikatwa bondeni, na udongo ulichimbwa papo hapo. Kazi nzito ilifanywa kwa msaada wa majirani na vijana wa kijiji, ambao walikuwa na mkuu wao aitwaye nsumba ntale. Malipo yalikuwa chakula na pombe, na ahadi ya kusaidiana zamu ya mwingine itakapofika. Gharama ilikuwapo, ila ilikuwa ya jasho na ujirani. Mtu aliyeishi vibaya na wenziwe ndiye aliyeona ujenzi kuwa ghali.

Ujuzi wa udongo nao ulikuwa sehemu ya ufundi huo. Wasukuma hutofautisha luseni, udongo wa mchanga ulio juu ya miinuko, na mbuga, udongo mweusi wa mabondeni unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kaya zilikaa juu, na mbuga ikaachiwa malisho na kilimo. Ujuzi huo haujapitwa na wakati, kwani ukuta wa tofali uliosimamishwa juu ya mbuga bila msingi wa kutosha hupata nyufa, hata kama kwa nje waonekana mzuri.

Mahali pa kujenga palitolewa na ngwanangwa, mkuu wa kijiji, aliyekuwa chini ya mtemi. Mwenye kuhama hakuwa na ardhi ya kuuza. Ardhi ilirudi mikononi mwa ngwanangwa ili apewe mwingine. Mahali palipohamwa paliitwa itongo, neno lililo na asili moja na tongo la Kiswahili, wingi wake matongo. Nyumba, kwa fikira hizo, ilijengwa, ikakaliwa, kisha ikaachwa irudi udongoni. Soko la nyumba haliwezi kuota mahali ambapo nyumba hufa pamoja na makazi ya aliyeijenga.

Desturi ya pwani

Maneno ambayo kwayo nyumba huuzwa na kununuliwa katika Kiswahili yalitoka pwani, na mengi yana asili ya Kiarabu: dalali, hati, rehani, wakfu. Katika miji ya pwani nyumba ya mawe iliuzwa, iliwekwa rehani na ilirithiwa kwa mafungu. Lakini hata huko mtu maskini aliijua nyumba iliyotengwa na ardhi. Mombasa ilijulikana kwa desturi ya nyumba bila ardhi, ambayo kwayo mtu hujenga juu ya kiwanja cha mwingine, humlipa kodi ya ardhi, na huweza kuiuza nyumba yake bila kuuza kiwanja. Ng'ambo ya Unguja ilikuwa na mambo kama hayo, na madai ya kodi ya viwanja yalileta mgomo wa wenye nyumba mwaka 1928.

Yafaa desturi hizo mbili zilinganishwe. Pwani mwenye ardhi alikuwa mtu au wakfu, naye alidai kodi. Usukumani ardhi ilikuwa chini ya mtemi na watu wake, wala haikutozwa kodi ya kiwanja. Pwani mjenzi maskini alikuwa na kitu cha kuuza lakini hakuwa na salama, maana mwenye ardhi aliweza kumwondoa. Usukumani mjenzi alikuwa na salama muda wote alioitumia ardhi, lakini hakuwa na kitu cha kuuza.

Sheria ya ardhi

Mwaka 1895 serikali ya Wajerumani ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Mwaka 1923 Waingereza waliweka sheria iliyoifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana, na mwaka 1928 sheria hiyo ilirekebishwa ili haki za wenyeji zilizoshikwa kwa mila zihesabiwe kuwa haki ya kukaa na kutumia ardhi. Mwaka 1958 serikali ilipopendekeza kwamba wenyeji waweze kupata ardhi kuwa milki kamili ya mtu binafsi, Julius Nyerere alijibu katika maandishi yake Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, na kwamba mtu humiliki kazi aliyoifanya juu yake, wala hamiliki ardhi yenyewe. Hoja hiyo ilikuwa karibu sana na desturi ya itongo.

Baada ya uhuru, milki kamili ziligeuzwa kuwa hati za kukodi kutoka serikalini mwaka 1963, na mwaka 1969 hati hizo zikawa haki ya kukaa na kutumia ardhi tu. Mwaka huohuo wa 1963 utawala wa watemi ulifutwa. Tangu hapo mtu aliyetaka kuuza aliweza kuuza maendelezo yake tu, yaani kuta, paa, miti na kisima. Ardhi tupu haikuwa na thamani mbele ya sheria. Hali hii iliendelea mpaka Tume ya Rais ya Mambo ya Ardhi, iliyoundwa mwaka 1991 chini ya Profesa Issa Shivji, ikapeleleza malalamiko ya wananchi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikakubali kwamba haki juu ya ardhi ina thamani.

Pamba na mabati

Wakati sheria ikisema hivyo, fedha ya pamba ilikuwa imekwisha kubadili nyumba yenyewe. Katika miaka ya 1950 kilimo cha pamba kilistawi katika Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vya ushirika viliunganishwa katika Shirikisho la Victoria. Mkulima aliyevuna vizuri alinunua ng'ombe, na baada ya ng'ombe alinunua mabati. Bati limenyooka, wala halikubali kilele cha msonge. Basi aliyetaka bati alilazimika kujenga nyumba ya pembe nne.

Badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana. Kwa mara ya kwanza sehemu kubwa ya gharama ya nyumba ilitoka dukani, ikalipwa kwa fedha, na ikawa na bei inayojulikana. Hata leo mwuzaji wa nyumba vijijini huhesabu mabati, matofali na mifuko ya saruji, kisha hutaja jumla. Ushirika wa majirani uliokuwa ukipunguza gharama haukuweza kutengeneza bati wala saruji. Mavuno yakiwa mabaya au bei ya pamba ikianguka, ujenzi ulisimama. Na kwa njia hii pagala lilizaliwa. Ni nyumba inayongoja msimu mwingine.

Vijiji

Mwezi wa Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha kufikia mwisho wa mwaka 1976. Operesheni Vijiji ilifika mkoa wa Shinyanga mwaka 1974, na Maswa ilikuwa ndani yake. Watu walitakiwa kuacha kaya zilizotawanyika na kujenga kwa safu. Aliyekuwa na mabati aliweza kuyang'oa na kwenda nayo. Aliyekuwa na msonge aliuacha uoze. Somo lililobaki katika fikira za watu lilikuwa kwamba mali iliyo imara katika nyumba ni ile inayoweza kubebwa.

Operesheni ilileta pia mashaka juu ya haki. Nani mwenye itongo la zamani, na nani mwenye kiwanja kipya? Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay lililotoka kaskazini mwa nchi, iliamua kwamba haki ya ardhi iliyoshikwa kwa mila ni mali inayolindwa na Katiba. Uamuzi huo uliwapa wakulima nguvu, lakini haukufuta mashaka ya mnunuzi anayeonyeshwa nyumba isiyo na karatasi.

Msaada ulioelekea mjini

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuondoa vibanda vibovu vya mjini, hasa Dar es Salaam. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000. Hayo pia yalikuwa ya mijini. Benki ya Nyumba iliyoanzishwa katika miaka ya 1970 ilianguka mwaka 1995. Sheria ya mwaka 2008 ilifungua upya njia ya mkopo wa nyumba, lakini mkopo wadai hati, na hati yadai kiwanja kilichopimwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Sola ni ardhi ya kijiji, ambayo kwa sheria ya 1999 husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mtu wa nje hapati humo haki bila kibali chake. Tena, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Masharti hayo ni ya haki, maana humlinda mjane, mke na mwanakijiji. Lakini kila sharti ni hatua moja zaidi kwa mnunuzi.

Hivyo mtu wa mshahara anayeishi Sola hubaki na njia mbili. Apange chumba, au anunue pagala na kulimaliza kidogo kidogo, mwaka huu madirisha, mwaka ujao sakafu. Mwuzaji atamwambia kwamba auza kuta tu. Lakini bei ya pagala lililo karibu na barabara hushinda ya lile lililo mbali, ingawa matofali ni sawa. Thamani ya ardhi, iliyokataliwa na desturi na baadaye na sheria, hudaiwa katika bei ya kuta. Ndiyo sababu bei hizo huonekana hazina kipimo.

Mithali husema kwamba nyumba njema si mlango. Wazee wa Maswa waliutazama udongo kwanza, kisha majirani, na nyumba ikaja mwisho. Mnunuzi wa leo hulazimika kufuata utaratibu huohuo: aulize kama chini ni luseni au mbuga, awaulize majirani itongo lilikuwa la nani, aende kwa halmashauri ya kijiji, na baada ya hayo ndipo ahesabu mabati.