Kipupwe na Siku za Mapumziko: Habari za Kisarawe na Kibaha



Somo hili limekwisha kusemwa redioni. Sasa limepigwa chapa ili wewe uliyekuwa kazini usilikose, na wewe uliyelisikia upate kulirudia polepole pamoja na watu wa nyumbani kwako. Habari yetu ni kipupwe, yaani ile miezi ya baridi baada ya masika, na jinsi watu wa Kisarawe na Kibaha walivyoitumia kupumzika na kukutana na jamaa zao. Labda utauliza, "Je, kupumzika nako kuna historia?" Naam, kuna historia. Tena ina ugomvi ndani yake, kwa maana siku hizo za mkulima ziliwahi kuchukuliwa na wengine kwa nguvu, na watu walipigana kwa sababu hiyo.

KIPUPWE NI NINI?

Watu wa Ulaya wana majira yao ya baridi mwezi wa Desemba, wakati sisi tunapotoka jasho. Kwetu mambo ni kinyume, kwa sababu tuko kusini ya Ikweta. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini, na upande wetu wa dunia hupata baridi. Lakini Kisarawe na Kibaha ziko karibu sana na Ikweta, kiasi cha nyuzi 7 tu kusini yake. Kwa hiyo mchana wa Juni hupungua kidogo tu. Haufiki saa 12 kamili, lakini unakaribia.

Kinachotuletea ubaridi hasa ni upepo. Kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili, ukitoka kusini-mashariki na kupita juu ya Bahari ya Hindi. Mwanzo wake umefuatana na mvua za masika. Masika yakiisha, Kusi huendelea kuvuma, ila sasa mvua ni haba na mbingu zimetakata. Hapo ndipo kipupwe kinapoingia, tangu Juni mpaka Agosti. Mjini Dar es Salaam joto la usiku hushuka mpaka nyuzi 18 au 19 za Sentigredi. Mji wa Kisarawe uko juu ya vilima, karibu mita 300 kutoka usawa wa bahari, na huko baridi huzidi kidogo. Mtu wa Njombe akisikia hivyo atacheka. Hata hivyo mzee wa Maneromango atajitanda shuka asubuhi na kuota moto, wala hatakuomba radhi.

KALENDA YA UPEPO NA MAVUNO

Kabla ya kalenda za ukutani, watu wa pwani walihesabu mwaka wa jua wenye siku 365. Waliugawa katika makundi ya siku kumi kumi, na kila kundi waliliita mwongo. Kwa hesabu hiyo ya miongo walijua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri baharini. Mwaka ulipogeuka walifanya sikukuu, Siku ya Mwaka. Huko Makunduchi, Unguja, sikukuu hiyo ingali inafanywa mwezi wa Julai, nayo huitwa Mwaka Kogwa. Kwa kuwa hesabu ile haiongezi siku moja kila mwaka wa nne, kama ifanyavyo kalenda ya serikali, Siku ya Mwaka husogea nyuma polepole. Ndiyo maana zamani ilikuwa ikiangukia Agosti.

Tukitoka ufuoni na kupanda vilima vya Uzaramo, tunakuta kwamba kipimo cha mwaka ni shamba. Mpunga wa mabonde ya Ruvu na mahindi ya masika yalikuwa yakiingia nyumbani kipupwe kilipoanza. Ghala lilikuwa na kitu, njia zilikuwa zimekauka, mito ilikuwa imepungua, na mtu aliweza kutembea kutwa nzima bila kuchoka kwa joto. Basi huo ndio wakati jamaa walipotembeleana. Wazaramo huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya watoto. Kwa hiyo safari ya kipupwe mara nyingi ilikuwa safari ya kwenda kwa mjomba, kumaliza shauri la mahari, la urithi au la ugomvi uliolala tangu masika.

Tena ndio wakati wa jando, na wakati wa kuwatoa nje wali, yaani wasichana waliokuwa wamewekwa ndani kufundishwa utu uzima. Mafundisho yao yalikuwa na mahali pake chini ya mti wa mkole, na ngoma ya kumtoa mwali iliwakusanya watu wa vijiji vingi. Usidhani wakati huo ulichaguliwa ovyo. Wazee walisema kwamba kidonda cha jando hupona upesi wakati wa baridi. Pia ngoma inataka wageni, wageni wanataka chakula, na chakula ni baada ya mavuno.

Lakini tusidanganyane, ndugu msomaji. Tukisema "mapumziko" tusifikiri kwamba watu wote walikaa tu. Wanaume walitengeneza mapaa na nyua. Wanawake walisuka mikeka, walitwanga mpunga wa wageni, na maji waliyachota siku zote kama kawaida. Mapumziko ya zamani yalikuwa na maana hii: kwamba kazi ya siku hizo ilikuwa ya nyumba yako na ya jamaa zako, wala hukuamriwa na mtu mwingine.

PAMBA INACHUKUA KIPUPWE

Sasa tunafika penye ugomvi. Mwaka 1902, wakati wa Gavana von Götzen, serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya lazima katika wilaya ya Dar es Salaam, na Uzaramo ilikuwa ndani ya wilaya hiyo. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walilazimishwa kulilima. Malipo yalikuwa madogo mno, hata wengine walikataa kuyapokea.

Tazama kalenda. Pamba hupandwa wakati wa mvua na huchumwa wakati wa ukavu. Basi siku ambazo mtu angevuna mpunga wake, angelinda mahindi yake yasiliwe na nguruwe mwitu, na kumtembelea mjomba wake, ndizo alizotakiwa kuwa katika pamba ya serikali, huku mnyapara amesimama nyuma yake na kiboko.

Mwishoni mwa Julai 1905, katikati ya kipupwe, watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi waling'oa miche ya pamba. Huo ndio mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilienea mbali na kufika Uzaramo. Kibasila, kiongozi mmoja wa Wazaramo, alinyongwa na Wajerumani. Jina lake limewekwa katika shule ya sekondari ya Kibasila, Dar es Salaam. Serikali ilichoma vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Sisemi kwamba watu walipigana ili wapate likizo. Walikuwa na sababu nyingi: kodi, viboko, dharau, na kunyang'anywa utawala wao. Lakini moja katika sababu hizo ni wakati. Aliyekunyang'anya siku zako za mavuno amekunyang'anya chakula, na amekunyang'anya pia wageni, ngoma na watoto wako.

SHULE, LIKIZO NA SABA SABA

Baada ya hapo kalenda nyingine iliingia, nayo ni ya shule. Katika miaka ya 1920 wamisionari wa Kianglikana walihamishia Minaki, Kisarawe, chuo chao kilichokuwa Kiungani, Unguja. Pugu, ambayo siku hizi imo katika Mkoa wa Dar es Salaam, ilipata shule ya Wakatoliki. Tena mwaka 1963 nchi za Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi zilianza mradi wao pamoja na serikali ya Tanganyika pale Kibaha, penye shule, huduma za afya na mafunzo ya ukulima. Mwaka 1970 mradi huo ulikabidhiwa kwa Tanzania, na ndio Shirika la Elimu Kibaha.

Shule za bweni ziliwaleta watoto kutoka mbali na kuwaweka mbali na nyumbani kwa miezi. Hapo neno "likizo" likapata uzito katika nyumba za watu. Jando na unyago navyo vikaifuata kengele ya shule: wazazi wengi wa pwani huvifanya shule zinapofungwa, mwezi wa Juni au Desemba. Kwa bahati njema likizo ya Juni imeangukia palepale penye kipupwe cha wazee.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akifundisha Pugu chama cha TANU kilipoundwa mjini Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1955 aliacha ualimu ili aendelee na kazi ya siasa. Tarehe ile haikuchaguliwa kwa ajili ya baridi wala mavuno. Lakini baada ya uhuru Saba Saba ikawa sikukuu ya taifa, ikaitwa pia sikukuu ya wakulima, na mkulima aliipokea vizuri kwa sababu ilimkuta amekwisha kuvuna. Katika miaka ya 1990, baada ya vyama vingi kurudi, sikukuu ya wakulima ilihamishiwa tarehe 8 Agosti, yaani Nane Nane, na Saba Saba ikabaki kuwa siku ya maonyesho ya biashara. Zote mbili zimo katika kipupwe. Kalenda ya serikali, bila kukusudia, imerudi kukaa juu ya kalenda ya upepo.

SIKU ZETU HIZI

Leo sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Hapana jumbe anayekupeleka kwenye pamba. Basi nakuuliza, ndugu msomaji: ni nani anayezichukua siku zako sasa? Wengine watasema ni biashara, wengine simu, wengine masomo ya ziada ya watoto, ambayo hayawaachii hata wiki moja ya Juni. Mashamba ya Kibaha na Kisarawe nayo yanakatwa viwanja, na bibi aliyejua mahali mkole ulipokuwa ukisimama hazidi kuwa kijana.

Nami nasema hivi: mtoto aliyepewa siku kumi za kipupwe pamoja na babu na bibi yake hakupoteza masomo. Mpeleke. Aende shambani asubuhi umande ungalipo, aone mikorosho ikianza kutoa maua, amenye chungwa chini ya mti wake. Aulize majina ya miti na ya watu. Kama huna shamba, kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, uliohifadhiwa, karibu kabisa na mji wa Kisarawe. Ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, na baadhi ya mimea na wanyama wake hupatikana katika sehemu chache sana za dunia. Kuna bwawa la Minaki, na kuna mapango ya machimbo ya zamani ya udongo mweupe, yenye popo wengi. Mfuate mlinzi wa msitu, usikate mti, na takataka zako urudi nazo. Wakata mkaa wameuumiza msitu huo vya kutosha.

Gharama yake si kubwa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mzee anayepata wajukuu nyumbani kwake wakati wa baridi hupona upweke, nao hupona ujinga wa kutojua watokako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni kazi gani na sherehe gani zilizofanywa zamani wakati wa kipupwe? Zipi zimebaki?

2. Kwa nini mashamba ya pamba ya lazima yaliwaudhi watu kuliko kazi ngumu ya mashamba yao wenyewe?

3. Wakati jamaa wanapumzika, ni nani katika nyumba yenu asiyepumzika? Mwawezaje kumsaidia?

4. Mtafute mzee mmoja kabla ya somo lijalo. Muulize alitumiaje kipupwe alipokuwa na umri wa miaka kumi, na mwandike majibu yake katika daftari la kikundi.

Somo limekwisha. Kwaherini, na mjifunike vizuri.