Andrew Sachs: mkimbizi aliyewachekesha Waingereza

Wiki iliyopita kwenye mazoezi yetu ya maigizo kulitokea ubishi. Mwenzetu mmoja aliigiza mtu aliyeingia kambini jana, Kiswahili hakijui. Anaomba chumvi, anapewa sabuni. Anashukuru, anaitia kwenye maharage. Watu walicheka mpaka machozi. Lakini dada mmoja alinyanyuka akatoka. Tulipomfuata akasema: "Mimi nilifika hapa hivyo hivyo. Mliyekuwa mnamcheka ni mimi."

Sikuwa na jibu siku ile. Ila nilimkumbuka mtu mmoja, na ndiyo maana historia yetu ya leo ni yake.

Anaitwa Andrew Sachs. Ukiwauliza Waingereza wazee, watakuambia ni mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa televisheni yao. Wengi walimjua kwa sura na lafudhi ya kuigiza tu, bila kujua alikotoka. Alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 7 Aprili 1930, akaitwa Andreas. Baba yake alikuwa Myahudi, kazi yake bima. Mama yake hakuwa Myahudi.

Andreas alikuwa na miaka 2 tu Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933. Mwaka 1935 zikaja sheria za Nuremberg: Wayahudi wakanyang'anywa uraia, na ndoa kati ya Myahudi na Mjerumani asiye Myahudi ikapigwa marufuku. Yaani ndoa kama ya wazazi wake, kama wangechelewa, isingefungwa kabisa. Halafu siku moja familia ikiwa mgahawani inakula, wakaja watu wa serikali wakamkamata baba mbele ya mtoto wake. Baadaye aliachiwa, lakini ujumbe walikuwa wameshaupata. Mwaka 1938 familia ikahamia Uingereza, wakaishi kaskazini mwa London. Andreas alikuwa na miaka 8, na lugha aliyokuja nayo ni Kijerumani.

Hebu fikirini. Mwaka uliofuata, 1939, Uingereza na Ujerumani zikaingia vitani. Watu waliomkimbia Hitler wakaandikwa kwenye makaratasi kuwa raia wa nchi adui, na mwaka 1940 maelfu yao wakawekwa kizuizini, eti wanaweza kuwa wapelelezi. Umemkimbia mtu, halafu unapofika unaambiwa wewe ni wa kwake. Wengi wetu hapa hatuhitaji kuelezewa jambo hilo. Baba yake Andreas alifariki mwaka 1944, vita haijaisha.

Kijana akakua, akawa Andrew. Alisomea mambo ya usafirishaji wa meli, lakini redio na jukwaa vikamvuta. Alianza na vikundi vya maigizo vya miji midogo, vile ambavyo leo unaigiza hiki na kesho unajifunza kingine. Mwaka 1958 akaingia kwenye ukumbi wa Whitehall, London, katika tamthilia ya kuchekesha iitwayo Simple Spymen. Kuanzia hapo ni miaka mingi ya sehemu ndogo ndogo. Hakuna aliyemsimamisha barabarani.

Mwaka 1973 mwigizaji John Cleese alimwona jukwaani katika tamthilia ya Alan Bennett, Habeas Corpus. Cleese na mke wake Connie Booth wakaja kuandika mchezo wa televisheni kuhusu hoteli moja ya pwani katika mji wa Torquay. Mwenye hoteli, Basil Fawlty, ni mtu wa hasira na majivuno. Mhudumu wake ni Manuel kutoka Barcelona, masharubu makubwa, roho nzuri, Kiingereza hakipandi. Cleese alimtaka Sachs awe Manuel. Sachs akaingiwa na wasiwasi na lafudhi ya Kihispania, akauliza: mhudumu huyu hawezi kuwa Mjerumani? Wakakataa, abaki Mhispania.

Mchezo huo ni Fawlty Towers. Ulionyeshwa BBC sehemu 6 mwaka 1975 na sehemu 6 mwaka 1979. Zote 12 tu! Lakini mwaka 2000 taasisi ya filamu ya Uingereza iliuweka namba 1 kati ya vipindi 100 bora vya televisheni vya nchi hiyo. Sachs alikuwa na miaka 45 ulipoanza. Wewe wa miaka 22 unayesema muda wako umepita, soma tena sentensi hiyo.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Siku moja Cleese alimpiga kichwani kwa kikaango cha chuma cha kweli badala ya cha kuigizia, akaumia. Katika sehemu iitwayo The Germans walitia dawa kwenye koti lake ili litoe moshi kama linaungua, dawa ikamchoma mikono. Na sehemu hiyo inahusu wageni Wajerumani hotelini. Mtoto aliyefukuzwa Berlin yuko pale, anaigiza Mhispania, anawahudumia.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Manuel anachekwa kwa sababu hajui lugha? Ndiyo, kwa sehemu. Siwezi kusema hapana. Hata Hispania kwenyewe, walipotafsiri mchezo ule walimgeuza Manuel kuwa Mwitaliano. Hakuna anayependa utani ule umwangukie yeye. Na mhudumu anayepigwa na bosi wake, kwa mtu aliyewahi kufanya kazi za nyumbani kwa watu, si kichekesho sana.

Lakini ukiangalia vizuri, mjinga mkubwa pale ni Basil. Ni yeye anayedhani ukipaza sauti mtu atakielewa Kiingereza. (Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, tunawapenda, ila wengine mnatupigia kelele hivyo hivyo.) Manuel anajaribu kila siku, anajifunza, hakati tamaa. Mtu aliyewahi kufika nchi ya watu bila lugha ndiye aliyemwigiza, na nadhani ndiyo maana Manuel ana utu mpaka mwisho. Alijua hofu ya kutoelewa ilivyo.

Jambo moja zaidi. Mwaka 1978 Sachs aliandika na kuigiza mchezo wa redio uitwao The Revenge. Hauna neno hata moja. Ni sauti tu: pumzi, hatua, maji, milango, mtu anakimbia akitafutwa. Yule aliyejulikana kwa kukosea maneno akaonyesha kwamba hadithi ya mtu anayekimbia inaeleweka bila lugha yoyote.

Aliendelea kufanya kazi miaka mingi, redio, televisheni, kusoma vitabu kwa sauti. Alifariki tarehe 23 Novemba 2016, na miaka 86.

Basi pendekezo langu kwa kikundi ni hili. Mchezo wa chumvi na sabuni tusiutupe. Tuuandike upya, kichekesho kimwangukie yule mgawaji anayepaza sauti badala ya kuonyesha kwa kidole. Na yule mgeni aigizwe na dada aliyetoka nje, kama atakubali. Akikataa, tumwombe atuelekeze. Yeye ndiye anayejua siku ile ilikuwaje.

Mnasemaje, wandugu? Mazoezi ni Jumamosi saa tisa, palepale.