Mwalimu wa Jana na Mwalimu wa Leo

Msomaji, ukipata kufika Kericho siku moja, kisha ukateremka kusini kupita Litein hadi Bomet, utaona mashamba ya chai yaliyotandikwa juu ya vilima kama jamvi la kijani. Katika miezi mingi ya mwaka mvua hunyesha alasiri, na wachumaji wakiisha kupimiwa majani yao hurudi majumbani wakiwa wamelowa. Lakini siku ambayo Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, inacheza, uchovu husahauliwa. Watu hujazana penye maduka yenye televisheni hata pasiwe na nafasi ya kusimama. Na mchezo ukiisha, ndipo unapoanza mchezo wa pili, nao ni ubishi.

Mzee mmoja husema, "Nyinyi vijana hamkuuona mpira. Mwalimu alikuwa Marshall Mulwa." Kijana hujibu, "Mzee wangu, hayo yamepita. Siku zile mlicheza na majirani tu. McCarthy aliishinda Morocco!" Mtu wa makamo huingilia kati akamtaja Jacob Mulee, na mwingine akamkumbuka Mjerumani Fabisch. Saa mbili zikapita, chai ikapoa, wala asipatikane aliyeshinda.

Huenda ukafikiri kwamba mazungumzo hayo ni ya kupitisha wakati tu. La, sivyo. Watu wale wanafanya kazi ya mwanahistoria bila ya kujijua: wanajaribu kupima watu wa zama mbalimbali kwa mzani mmoja. Tena wanatoa hukumu juu ya watu ambao wengine wao wamekwisha kufa, wasioweza kujitetea. Kwa hiyo yafaa tujifunze namna ya kuifanya kazi hiyo kwa haki.

Kwanza tuuweke mbele yetu ushahidi. Kombe la Mataifa ya Afrika lilianza mwaka 1957, na Kenya iliingia katika fainali zake kwa mara ya kwanza mwaka 1972, huko Kamerun. Mwaka 1981 timu ikiwa chini ya Marshall Mulwa, Mkenya, ilishinda kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati mjini Dar es Salaam. Mwaka 1982 ikalishinda tena mjini Kampala, na mwaka 1983 mjini Nairobi. Miaka mitatu, miji mitatu, mwalimu mmoja.

Kisha akaja Reinhard Fabisch kutoka Ujerumani. Mwaka 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika Nzima, na katika uwanja mpya wa Kasarani timu yake ilifika fainali ikafungwa na Misri bao 1 kwa 0. Kenya ilirudi katika Kombe la Mataifa mwaka 1988, 1990 na 1992. Lakini katika safari zote nne, tangu ile ya 1972, haikushinda hata mchezo mmoja wa fainali hizo. Ushindi wa kwanza ulikuja mwaka 2004 nchini Tunisia, Jacob Mulee akiwa mwalimu, Kenya ilipoifunga Burkina Faso mabao 3 kwa 0. Mwaka 2019 huko Misri, chini ya Mfaransa Sébastien Migné, timu iliishinda Tanzania mabao 3 kwa 2, kisha ikatolewa. Na mwezi wa Machi mwaka 2025 aliteuliwa Benni McCarthy wa Afrika Kusini. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo aliifikisha Kenya robo fainali ya michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Katika safari hiyo aliishinda Morocco, ambayo mwishowe ndiyo iliyolitwaa kombe, kisha akatolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti.

Huo ndio ushahidi. Sasa, je, unatosha kutoa hukumu? Bado. Kuna maswali ambayo mtu mwadilifu hana budi kuyauliza kabla ya kufungua kinywa chake.

Swali la kwanza ni hili: Je, vipimo vilikuwa sawa? Mwaka 1972 fainali za Kombe la Mataifa zilikuwa na timu 8 tu kutoka bara zima. Hali ilikuwa hiyo hiyo mwaka 1988 na 1990. Mwaka 1992 zikawa 12, mwaka 2004 zikawa 16, na mwaka 2019 zikawa 24. Basi mtu asemaye kwamba kufika mwaka 1988 na kufika mwaka 2019 ni jambo moja, amesahau kwamba mlango wa kwanza ulikuwa mwembamba na wa pili mpana. Lakini naye mzee asishangilie upesi. Kombe la Mulwa lilikuwa la majirani, ilhali McCarthy alikutana na timu za kutoka pembe zote za Afrika. Na kijana naye asisahau kwamba katika michuano ile ya 2025 mataifa hayakuleta wachezaji wao walioko Ulaya.

Watu wa nchi ya chai wanayafahamu mambo haya vizuri kuliko wengine. Mchumaji wa zamani alichuma kwa mikono yake, majani mawili na chipukizi, akatia kikapuni. Leo katika mashamba makubwa mashine hukata majani kwa kilo nyingi mno kwa siku. Ungemdharau bibi yako kwa kuwa kilo zake zilikuwa chache kuliko za mashine? Hapana. Ungeuliza kwanza alikuwa na nini mkononi.

Utasema labda, "Katika mpira vipimo ni vigumu, lakini saa haidanganyi." Hebu tuitazame saa basi. Mtu wa kwanza kuiletea Kenya medali ya Olimpiki alikuwa mwana wa Kericho, Wilson Kiprugut. Mwaka 1964 mjini Tokyo alipata shaba katika mbio za meta 800, kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Mwaka 1968 katika mji wa Mexico alipata fedha, kwa dakika 1 na sekunde 44.5. Je, aliongezeka nguvu kwa kiasi hicho tu? Huenda, lakini kumbuka kwamba huko Tokyo alikimbia juu ya njia ya majivu ya makaa, na huko Mexico juu ya njia mpya ya mpira uliotengenezwa viwandani, katika mji ulio juu sana, ambako hewa ni nyepesi. Naye Beatrice Chebet, binti wa Kericho, aliposhinda dhahabu mbili mjini Paris mwaka 2024, za meta 5,000 na 10,000, alikuwa na viatu na elimu ya mazoezi ambavyo Kiprugut hakuviota. Kusema hivyo si kumpunguzia Chebet heshima yake. Ni kumpa Kiprugut, aliyefariki mwaka 2022, heshima anayostahili. Ikiwa saa yenyewe yahitaji maelezo, hesabu ya mabao yahitaji zaidi.

Swali la pili: Nani alipanda, na nani alivuna? Mchai haumpi mkulima wake mavuno siku ya kwanza. Hungoja miaka mitatu au zaidi kabla ya kuchumwa kwa ukamilifu, nao hupogolewa ili uchipue upya. Ukitunzwa huishi miaka mingi kuliko aliyeupanda. Timu ni hivyo hivyo. Timu iliyokwenda Morocco mwaka 1988 haikuzaliwa mwaka huo. Ilitokana na maandalizi ya Michezo ya 1987. Na kijana aliyecheza mwaka 2004 alifundishwa kupiga mpira na mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakuna aijuaye sura yake. Mwalimu wa timu ya taifa hupokea wachezaji waliokwisha kufundishwa na wengine, akawaongoza kwa siku chache. Akishinda twasema ameshinda yeye. Akishindwa twamfukuza yeye. Je, ni haki? Methali yasema, "Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha."

Swali la tatu: Alizuiwa na nini? Mwaka 2022, kuanzia Februari hadi Novemba, Kenya ilifungiwa na shirikisho la mpira la dunia kwa sababu ya mgogoro wa uongozi. Wakati huo mwalimu wa timu ya taifa alikuwa Engin Firat wa Uturuki. Timu isiyoruhusiwa kucheza na wengine itajifunzaje? Huyo atakayehesabu ushindi wa Firat bila ya kuitaja miezi hiyo, atakuwa kama mtu amlaumuye mkulima kwa kukosa mavuno bila ya kutaja ukame.

Swali la nne lahusu mashahidi wenyewe. Mzee wa Kericho aliyependa mpira katika miaka ya 1960 na 1970 hakuwa na televisheni, alisikiliza redio. Watangazaji walipoimba jina la Joe Kadenge na mpira, mpira na Kadenge, msikilizaji aliufumba macho mwili akaufungua moyo, akauona uwanja wa ajabu kuliko uwanja wowote duniani. Katika uwanja huo hakuna pasi iliyopotea. Ndiyo sababu ya kale huonekana kuwa dhahabu tupu. Kijana kwa upande wake ameona mchezo wa jana mara kumi katika simu yake, kosa la kila mchezaji likirudiwa polepole. Kwa hiyo amewazoea hata akawadharau. Mmoja hukumbuka uzuri peke yake, na mwenzake hutazama makosa peke yake. Mwanahistoria huwasikiliza wote wawili, kisha huenda akalitazama gazeti la siku ile.

Swali la tano ndilo lenye uchungu, nalo ni la ugeni na wenyeji. Utasikia watu wakisema kwamba mwalimu Mwafrika hawezi, lazima aletwe mtu wa ng'ambo. Wengine husema kwamba mgeni hana uchungu wa nchi, aja kuchukua mshahara tu. Maneno yote mawili hukanushwa na ushahidi uliotangulia. Makombe matatu mfululizo ya 1981 hadi 1983 yaliletwa na Mkenya, na ushindi wa kwanza katika Kombe la Mataifa uliletwa na Mkenya. Lakini fainali ya 1987 ililetwa na Mjerumani, ambaye alirudi tena kuifundisha timu ya Kenya katika miaka iliyofuata. Uwezo haukuandikwa katika pasipoti. Lililo la kusikitisha ni kwamba mgeni aliyeshindwa huambiwa hakufaa yeye, lakini mwenyeji aliyeshindwa husemwa kwamba wenyeji wote hawafai. Hiyo si hukumu juu ya mpira. Ni mabaki ya zama ambazo Mwafrika aliambiwa kwamba kazi yake ni kuchuma na kubeba, na kuongoza ni kwa wengine. Watu wa nchi ya chai, ambao babu zao waliziona ardhi zao zikigawiwa wageni na makampuni, hawana haja ya kuelezwa zama hizo.

Sasa, msomaji, najua utaniuliza, "Nawe je, wamchagua nani?" Nisikwepe. Kwa maoni yangu hukumu yamwelekea Marshall Mulwa. Kushinda mara moja kwaweza kuwa bahati. Lakini kushinda mara tatu, na mara mbili kati ya hizo katika nchi za watu, mbele ya wenyeji wanaokupigia kelele, kwataka mtu ajuaye kazi yake. Walakini nasema hivyo kwa sharti moja: mtu akiniletea ushahidi mpya, nitaisikiliza hoja yake, na ikinishinda nitabadili maoni yangu bila ya haya. McCarthy hasa hawezi kupimwa sawasawa na Mulwa, kwa kuwa kazi ya Mulwa twaijua mwisho wake, naye McCarthy tulimwanza kumhukumu kabla hajatimiza hata nusu mwaka.

Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa pamoja nafasi ya kuandaa Kombe la Mataifa la mwaka 2027. Ubishi penye maduka ya Kericho na Bomet hautapungua; utazidi. Nawe huenda ukawa mmoja wa wabishi. Usinyamaze, kwani ubishi wa kistaarabu ni shule. Lakini kabla ya kusema kwamba fulani hafai, jiulize alipewa nini, alizuiwa na nini, alipokea kutoka kwa nani, na wewe umejuaje. Kisha mwendee mzee yule aliyeyaona ya zamani, umwamkie kwa adabu, umwulize majina ya walimu waliofundisha mpira katika viwanja vidogo vya mashambani, ambavyo havina jukwaa wala tiketi. Yaandike majina hayo daftarini. Mzee atakapoondoka, hayatakuwako mahali pengine popote.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya mwalimu wa jana ni kwamba akumbukwe kwa kweli, wala si kwa kutukuzwa wala kwa kudharauliwa. Na haki ya mwalimu wa leo ni kwamba aachiwe wakati mchai wake ukue.