Watoto wa Montevideo na Kiwanja Kidogo

Wasikilizaji wetu, sisi walimu tuna kosa la kale: twawapa watoto ishirini na wawili mpira mmoja na uwanja mpana kama shamba. Wenye mbio huupata. Wadogo husimama wakitazama vumbi. Ataujuaje mpira asiyeugusa?

Basi sikilizeni habari za Uruguay, nchi ndogo ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1930 ilitwaa Kombe la Dunia la kwanza, na vijana wa Montevideo wakashikwa na hamu ya kucheza, lakini viwanja havikutosha. Mwalimu Juan Carlos Ceriani, wa Chama cha Vijana Wakristo, akawaingiza katika kiwanja cha mpira wa kikapu, watano kwa watano. Mahali finyu hivyo mtoto hana budi kuutuliza mpira chini ya wayo, kuugeuza, na kumpa mwenziwe upesi. Mchezo huo, uitwao futsal, ulifika Brazil, na Pelé aliucheza ujanani mwake.

Nasi tulijaribu kwa mpira wa matambara na mistari ya majivu, watano kwa watano. Mtoto mdogo kuliko wote, aliyezoea kuachwa pembeni, alikataa kutoka kengele ilipolia.