Demensia ya pombe: utambuzi

Demensia ya pombe ni kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra na uamuzi kwa mtu aliyekunywa pombe nyingi kwa miaka mingi. Pombe yenyewe huudhuru ubongo, na upungufu wa thiamini (vitamini B1) huzidisha madhara, kwa sababu mraibu hula kidogo na utumbo wake hufyonza vitamini hiyo kwa shida.

Dalili. Upungufu huo wa thiamini waweza kuleta hali ambayo daktari Carl Wernicke wa Ujerumani aliieleza mwaka 1881: kuchanganyikiwa, kuyumba mtu anapotembea, na macho kushindwa kugeuka sawasawa. Wagonjwa wengi hawaonyeshi dalili zote tatu. Kuanzia mwaka 1887 daktari Sergei Korsakoff wa Urusi alieleza upotevu wa kumbukumbu ambao mara nyingi hufuata hali hiyo. Mgonjwa aliyelazwa wiki nzima aweza kusimulia kwamba asubuhi alikuwa sokoni. Hasemi uongo, ubongo wake unaziba pengo asilolijua.

Uchunguzi. Aliyelewa, au aliyeacha pombe juzi na bado anatetemeka, hushindwa maswali ambayo baadaye angeyajibu. Kwa hiyo vigezo vya utambuzi vya mtafiti Oslin na wenzake vya mwaka 1998 hutaka zipite angalau siku 60 tangu kinywaji cha mwisho. Ndugu wanaoishi naye waulizwe pia, kwani mgonjwa hakumbuki yote. Daktari huchunguza magonjwa mengine yenye dalili zinazofanana na za demensia hii: damu iliyovia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, kiharusi, kaswende, VVU, ugonjwa wa ini, sonona, na upungufu wa vitamini B12. Vipimo vya kuandika humwonea asiyesoma. Kwa hiyo katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wa demensia walitumia kipimo ambacho mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata umbo analoonyeshwa.

Tiba. Jina la ugonjwa laweza kusubiri siku 60, thiamini haiwezi. Ikishukiwa kupungua, hutolewa mara moja kwa sindano, bila kungoja majibu ya maabara. Tofauti na ugonjwa wa Alzheimer, hali hii mara nyingi huacha kuendelea mtu akiacha pombe na kula vizuri, na wengine hupata nafuu kubwa. Kumtelekeza mgonjwa kwa kusema "amejitakia" ni kumnyima nafasi hiyo.