Chuo cha Limuru kilichozaliwa Frere Town

Chuo Kikuu cha St. Paul's, kilichoko Limuru, kilianza mwaka wa 1903 huko Frere Town, Mombasa, kikiwa shule ya Kianglikana ya kuwaandaa wahudumu wa Kanisa. Mahali penyewe pana uzito wake. Makao hayo yaliasisiwa na wamishenari wa CMS mnamo 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kengele iliyowatahadharisha wakazi dhidi ya wavamizi ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Elimu hiyo basi ilikusudiwa watu waliowahi kuuzwa kama bidhaa, pamoja na wana wao.

Chuo kilihamia Limuru mnamo 1930. Hatua kubwa zaidi ilifuata 1955, Wapresbiteri na Wamethodisti walipojiunga na Waanglikana katika chuo kimoja. Makanisa hayo hayajaungana hadi leo, ila wachungaji wake wengi wameketi darasa moja.

Mnamo 2007 kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Tangu hapo theolojia, iliyokuwa ndiyo shabaha ya pekee, hufundishwa sambamba na masomo ya biashara na mawasiliano.