60 ya Ishango

Kwetu Kongo ukisema 60 mtu anakumbuka mwaka wa uhuru. Leo si hiyo. Nataka tuongee ju ya 60 yenye ilikatwa kwenye mfupa, hapa hapa nchini, miaka kama 20 000 iliyopita.

Mahali panaitwa Ishango, pale mto Semliki unatoka Ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga. Mwaka 1950 mjiolojia wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba pale akapata kamfupa ka sentimita 10 hivi, kenye mikato midogo iliyopangwa kwa safu tatu. Tuhesabu pamoja. Safu moja: 11, 13, 17, 19. Nyingine: 11, 21, 19, 9. Jumlisha ya kwanza, unapata 60. Jumlisha ya pili, tena 60. Ya tatu inatoa 48.

Wengi wakiona 11, 13, 17, 19 wanaruka kwa furaha: hizo ni namba tasa zote za kati ya 10 na 20! Yaani zile shuleni tulizisoma kwa Kifaransa, zenye hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Basi babu zetu walizijua? Mimi sifiki huko. Safu ya jirani iko na 21 na 9, na zote mbili zinagawanyika kwa 3. Tena kujua namba tasa kunaomba kwanza kujua kugawanya. Kwangu safu yenye nguvu ni hiyo ya pili, iangalieni vizuri: 10 ongeza 1, 20 ongeza 1, 20 toa 1, 10 toa 1. Zile moja zinafutana, inabaki 60 kamili. De Heinzelin alifikiri ni mchezo wa hesabu. Alexander Marshack, Mmarekani, aliona kalenda ya kufuata mwezi wa angani. Mabishano hayajaisha.

Ila 60 yenyewe haina mabishano. Ndiyo namba ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa 1, 2, 3, 4, 5 na 6 bila kitu kubaki. Sisi wa kilimo tunaiona shambani. Ukiwa na mistari 60 ya maharagwe, unaweza kujaribu aina 3, 4, 5 ao 6, na kila aina itapata mistari sawa. Ukiwa na mistari 100, kwa aina 3 mmoja unabaki, kwa aina 6 inabaki minne. Wababeli walijenga hesabu zao juu ya 60, ndiyo maana saa moja iko na dakika 60. Lakini wao walikuja maelfu ya miaka baadaye, na mbali sana na Semliki. Mtu asiwaunganishe na Ishango haraka haraka.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika taasisi ya kifalme ya sayansi za asili. Mwalimu wa hesabu wa Uvira ama wa kule juu Mulenge, akitaka kuhesabu ile mikato kwa macho yake, anaanzia kwenye kuomba visa.